Kloroplasti inapogoma: kutafuta kosa unapotambua mimea ya dawa kwa jenomu

"Programu imekataa." Malalamiko mengi yanayonifikia huanza hivyo. Nikiuliza sampuli ilikuwa nini, najibiwa: gome nililonunua sokoni, likakaa kwenye mfuko wa plastiki wiki tatu. Basi programu haijakataa kitu. Imelishwa DNA iliyooza, ikafanya ilichoweza.

Hapa nimekusanya makosa yanayojirudia kwa wanaotumia jenomu (DNA yote) ya kloroplasti, zile chembe za kijani ndani ya seli za mmea, kutambua mitishamba. Nimeyapanga kwa dalili, yaani kile unachokiona mezani au kwenye skrini. Chini ya kila dalili, sababu inayotangulia ndiyo ninayokutana nayo mara nyingi zaidi. Anza na ukaguzi wa bure. Kurudia usomaji wa DNA ni fedha, kuangalia lebo ya mfuko ni dakika moja.

Kwa aliyejiunga sasa: jenomu ya kloroplasti huchorwa kama duara la herufi kati ya 120,000 na 170,000 kwa mimea mingi ya nchi kavu. Ina sehemu nne: eneo kubwa pweke, eneo dogo pweke, na katikati yao marudio mawili yanayofanana herufi kwa herufi ila yanatazama pande kinyume. Nitayaita marudio pinduzi. Jenomu kamili za kwanza zilichapishwa mwaka 1986, moja ya tumbaku na nyingine ya mmea mdogo usio na maua, iliyochapishwa kwa jina la Marchantia polymorpha. Mwaka 2009 kikundi cha kimataifa kilipendekeza jeni mbili za kloroplasti, rbcL na matK, ziwe msimbopau wa mimea, yaani vipande vifupi vya DNA vya kutambulishia spishi. Kwa pamoja zilitenganisha asilimia 72 ya spishi walizozijaribu. Ile 28 iliyobaki ndiyo inayotusukuma kusoma jenomu nzima, kwa sababu wanaoshindikana kutenganishwa ni ndugu wa karibu, na kwenye kapu la mganga dawa na sumu huweza kuwa ndugu wa karibu.

Dalili: DNA ni kidogo, ina rangi, au inateleza kama mlenda

Kazi nyingi hufia hapa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Swali la kwanza ni sehemu gani ya mmea unayo. Jani changa lina kloroplasti tele katika kila seli, na kila kloroplasti ina nakala nyingi za jenomu. Gome na mzizi navyo vina plastidi (chembe za jamii moja na kloroplasti) zenye jenomu ileile, lakini nakala ni chache na seli nyingi za nje zimeshakufa. Muthiga (Warburgia ugandensis, osokonoi kwa Wamaasai) huuzwa kama vipande vya gome kavu, na mkondekonde (Prunus africana) vivyo hivyo. Ukiweza kupata jani la mti uleule, liache gome. Huwezi? Basi kwangua ganda la nje lote kwa wembe safi, utumie utando wa ndani ulio karibu na mti.

Sababu inayoongoza kwa mbali ni ukaushaji mbaya. Jani lililofungiwa kwenye plastiki na unyevu wake huota ukungu, na vimeng'enya vyake vyenyewe huikatakata DNA kabla hujafika maabara. Kagua kwa vidole: jani lililokauka vizuri bado ni la kijani na huvunjika kama papadi. Lililoharibika hupinda, lina weusi, na ukilinusa utajua. Kata jani vipande vidogo, lifukie kwenye silika jeli yenye uzito angalau mara kumi ya jani, ubadilishe silika inapogeuka rangi. Siku ya pili jani likiwa bado laini, silika ilikuwa chache au imechoka.

Sababu ya pili ni polifenoli, kemikali za mmea kama zile zinazoipa chai rangi. Tonge la DNA chini ya kichupa likiwa na rangi ya chai ya rangi, polifenoli zimeoksidika na kuing'ang'ania DNA. Mara nyingi kemikali zinazoupa mti sifa ya dawa ndizo zinazokuharibia kazi. Ongeza PVP, inayonasa polifenoli, hadi asilimia 2 kwenye bafa ya CTAB ya kutolea DNA, tia mercaptoethanoli, inayozuia kuoksidika, siku ileile ya kazi, chagua jani changa, halafu punguza kiasi. Wengi hawaniamini kwa hili la mwisho: miligramu 20 za jani kavu huweza kutoa DNA safi kuliko miligramu 100, kwa sababu bafa haikuzidiwa.

Ya tatu ni ute. Kwenye shubiri chukua ganda la kijani, uache ile nyama inayoteleza. Ukiona uzi unaoning'inia kwenye ncha ya pipeti kama mlenda wa bamia, usimimine ethanoli ukitumaini mema. Osha kwanza unga wa jani kwa bafa ya sorbitoli, mara mbili au tatu, mpaka maji ya juu yasiwe mazito. Kisha ingia kwenye CTAB, na wakati wa kuzamisha DNA tumia chumvi nyingi zaidi, moli 2 hadi 2.5 za NaCl kwa lita, ili ute ubaki umeyeyuka.

Ukipima DNA inavyonyonya mwanga, uwiano wa nanomita 260/280 uwe karibu 1.8 na ule wa 260/230 uwe karibu 2. Usikiamini kipimo cha mwanga peke yake, maana polifenoli nazo hunyonya mwanga na kukupa namba ya kufurahisha. Pitisha kwenye jeli uone kama kuna mstari au moshi tu. Kama PCR (kunakili kipande cha DNA mara nyingi) ya rbcL inagoma, punguza DNA kwa maji mara 10, kisha mara 50. Ikikubali baada ya kupunguzwa, DNA ilikuwepo muda wote na kilichoizuia ni uchafu.

Simama: klorofomu na mercaptoethanoli hazitumiki bila kabati la kuvuta hewa, na mabaki yake hayamwagwi kwenye sinki. Kama maabara yako haina kabati hilo, peleka jani kavu kwa wenye nalo. Huo ndio uamuzi sahihi wa kitaalamu, na ni nafuu pia.

Dalili: DNA ilikuwa nzuri, lakini jenomu inatoka vipande vipande

Kabla ya kugusa vitufe vya programu, piga hesabu. Mashine husoma DNA kama vipande vifupi, na programu huviunganisha. Tuseme umesoma herufi bilioni 2. Ikiwa asilimia 5 ni za kloroplasti, una milioni 100. Gawanya kwa 155,000: kila herufi ya jenomu imesomwa takriban mara 645. Hiyo inatosha na kubaki. Gome lenye asilimia 0.2 tu litakupa milioni 4, yaani mara 26 hivi, na huo ni wastani. Kuna sehemu zitasomwa mara tano na nyingine hazitaguswa kabisa.

Kujua uko wapi, chukua jenomu ya ndugu wa karibu, pachika vipande vyako juu yake kwa programu ya BWA au Bowtie 2, utazame kina (kila herufi imesomwa mara ngapi) kwa samtools. Kama kina ni kidogo kila mahali, tatizo ni usomaji. Kama ni kikubwa kila mahali isipokuwa sehemu mbili tatu, tatizo ni uunganishaji, na hapo unaweza kuendelea hivi:

1. Umesafisha kupita kiasi? NOVOPlasty, programu ya kuunganisha vipande, inataka viondolewe viunganishi vya maabara tu, bila kukata ncha zenye ubora mdogo. Watu hupitisha kila kitu kwenye programu ya kusafisha, Trimmomatic, kwa mazoea kisha wanashangaa.

2. Mbegu ni ya nani? NOVOPlasty huanza na kipande unachoipa, kwa kawaida rbcL. Tumia cha jenasi ileile. Weka urefu unaotarajiwa kati ya 120,000 na 200,000.

3. Kwa GetOrganelle, programu nyingine ya kuunganisha, ongeza duru kwa chaguo la -R, na kwa vipande vya herufi 150 jaribu -k (urefu wa vijineno vya kuunganishia) 21,45,65,85,105. Kina kikiwa kidogo, shusha -w (urefu wa neno la kutafutia vipande).

4. Fungua mchoro wa uunganishaji kwa programu ya Bandage. Jenomu iliyokamilika ina sura ya miwani yenye lenzi moja kubwa na moja ndogo. Daraja la katikati ni marudio pinduzi, na kina chake ni mara mbili ya lenzi kwa sababu yamelaliana. Matawi membamba yanayoning'inia pembeni kwa kina kidogo mara nyingi ni nakala za kale za kloroplasti zilizohamia kwenye mitokondria au kiini cha seli. Yafute kwa ushahidi wa kina, usiyafute kwa sababu yanaharibu mchoro.

Likibaki pengo moja au mawili, tengeneza praima (vipande vifupi vya kuanzishia PCR) pande zote mbili, fanya PCR, ulisome kwa njia ya Sanger, inayosoma kipande kimoja kimoja. Au tumia vipande virefu vya mashine za Nanopore au PacBio. Nanopore hukosea kwenye misururu ya herufi moja, A kumi mfululizo kwa mfano, na kloroplasti imejaa misururu hiyo, kwa hiyo sahihisha kwa vipande vifupi.

Kuna kosa moja nisilolivumilia: kujaza pengo kwa herufi za ndugu wa karibu. Ukifanya hivyo, unapoulizwa "huu ni mti gani?" unajibu kwa sauti ya mti mwingine. Acha N, alama ya herufi isiyojulikana, useme pengo lipo.

Dalili: programu imetoa majibu mawili

GetOrganelle ikitoa faili mbili zinazofanana kila kitu ila eneo dogo pweke limegeuzwa, hakuna kilichoharibika. Ndani ya mmea mmoja duara za sura zote mbili huishi pamoja. Mtafiti Jeffrey Palmer alilionyesha hilo kwenye maharage mwaka 1983. Chagua uelekeo unaolingana na jenomu unazolinganisha nazo, andika umechagua upi, songa mbele. Na ukikuta andiko linalotangaza kwamba spishi fulani ina "mpinduko wa eneo dogo" kana kwamba ni uvumbuzi, lisome kwa jicho kali.

Majibu yakiwa manne au kumi, hilo ni jambo jingine. Rudi kwenye Bandage utafute marudio marefu au mchanganyiko wa mimea miwili.

Dalili: jenomu ni fupi mno, ndefu mno, au jeni zimetoweka

Sababu ya kawaida ni ya kitoto: marudio pinduzi yameunganishwa kama moja. Ukiona jumla ya 130,000 na sehemu ya herufi 25,000 yenye kina maradufu, rudio la pili lipo, hujalifungua tu.

Ikiwa kina kimelingana kote, uliza familia. Ndani ya jamii ya kunde kuna ukoo mzima uliopoteza rudio moja zamani sana. Humo mna njegere, Astragalus, Glycyrrhiza ya mizizi mitamu ya dawa za kikohozi, na uwatu wetu wa Pwani. Jenomu ya herufi 125,000 hivi kwa uwatu ni afya njema. Ndani ya jamii hiyohiyo, Acacia za Australia, Inga na Albizia zimefanya kinyume: marudio yamepanuka kwa herufi 13,000 hivi yakameza sehemu ya eneo dogo, na jumla inakaribia 175,000.

Msandali wa kwetu, Osyris lanceolata, unahitaji neno lake. Mizizi yake huchota maji na chumvi kwenye mizizi ya miti jirani. Mimea ya namna hiyo huachia jeni ambazo haizihitaji tena, na zinazoondoka mwanzo ni za kundi la ndh, ambazo kwa kawaida ni 11. Ndugu yake wa Mediterania, Osyris alba, jenomu yake imechapishwa bila seti ya ndh inayofanya kazi. Kwa hiyo mwanafunzi anayeniletea msandali na kulia kwamba ndh zimepotea, namwambia afute machozi. Angeniletea zote 11 zikiwa nzima, hapo ningeuliza kama hakuchuma jani la mti uliokuwa ukinyonywa.

Ukiachia familia zenye tabia za ajabu, jeni nyingi "zinazokosekana" zimerukwa na programu ya kuweka alama. Ukitumia programu hizo, kama GeSeq, CPGAVAS2 au PGA, pitia kwa jicho lako jeni hizi:

- rps12: kipande chake cha kwanza kiko mbali na vingine na huungwa baada ya kunakiliwa. Programu hukikosa au hukiweka mahali pasipo pake.
- petB, petD na rpl16: vipande vyao vya kwanza vina herufi 6 hadi 9 tu.
- ndhD huweza kuanza na ACG, ambayo hurekebishwa kwenye RNA ikawa AUG. rps19 ya baadhi ya mimea huanza na GTG. Usizitangaze kuwa zimekufa.
- ycf1 iliyokatika mpakani mwa rudio ni mabaki, nakala nzima iko upande wa pili.

Dalili: ukizipanga sambamba, nusu nzima hailingani

Hili ni la dakika tano. Duara halina mwanzo, ila faili linao. Jenomu moja imeanza kwenye jeni ya trnH, nyingine katikati ya eneo dogo, ya tatu imeandikwa kwa uzi wa upande wa pili. Programu ya kupanga sambamba, MAFFT, itajitahidi na kukupa takataka zenye mapengo marefu.

Zungusha zote zianze mwanzo wa eneo kubwa pweke, karibu na trnH-GUG, zielekee upande mmoja, na eneo dogo liwe na uelekeo mmoja. Kabla ya kuchora mti wa ukoo toa rudio moja kati ya mawili, la sivyo ushahidi uleule unahesabiwa mara mbili.

Dalili: jenomu imekamilika, lakini jina si hilo

Ulitarajia Warburgia, kompyuta inasema mti wa familia nyingine kabisa. Usianze na kompyuta.

Niliwahi kununua vipande vitatu vya "muthiga" kwa wauzaji watatu wa soko moja. Mama mmoja, kabla hajanifungia, alivunja kipande, akatafuna ncha, akaniambia nami nionje. Ulimi uliwaka kama nimelamba pilipili manga, maana gome la Warburgia ni kali kwa asili. Kipande cha muuzaji wa tatu kilikuwa baridi kama kuni. Kloroplasti ilikuja kuthibitisha hivyo baada ya miezi miwili. (Usiige kuonja mti usioujua. Yule mama alijua anachotafuna, mimi nilimwamini yeye.)

Sababu ya kwanza basi ni jina la mtaani. Jina moja hubeba miti miwili, na mti mmoja huwa na majina kumi. Ubelgiji ililipa gharama ya hilo miaka ya 1990: kwenye dawa za kupunguza unene, Stephania tetrandra ilibadilishwa na Aristolochia fangchi, ambayo kwa Kichina majina yake ya dawa yanakaribiana, fangji na guang fangji. Zaidi ya watu 100 waliharibika figo. Tiba yake ni sampuli iliyobanwa ya hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa): tawi lenye ua au tunda, mahali, tarehe, namba, na jina lililowekwa na mtu anayeijua familia hiyo. Hebaria ya Afrika Mashariki iliyo katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi, na Hebaria ya Taifa ya Tanzania, Arusha, ndipo pa kulinganishia.

Ya pili ni gome lililovaa wageni. Juu ya gome huota mwani, kuvumwani na kuvu, na mwani una kloroplasti zake nyingi kuliko gome lenyewe. Jina la mwani wa kijani likitokea, kwangua upya.

Ya tatu ni maabara. Vichupa viwili vimebadilishana, au kwenye mashine alama za sampuli zimevuja kutoka kwa jirani. Uliza ni nani waliosomwa pamoja nawe. Kama jibu lako linafanana mno na sampuli ya mwenzako wa siku hiyo, umeshajua.

Ya nne ni hazina ya data. GenBank, hazina ya umma ya DNA, ina rekodi zilizopewa jina lisilo sahihi, na rekodi moja iliyokosewa huzaa nyingine kwa sababu watu hulinganisha nayo. Usikubali jina kwa rekodi moja. Tazama kama ina namba ya hebaria, kama rekodi nyingine za spishi hiyo zinakaa nayo kwenye tawi moja, na kama eneo la ITS, kipande cha DNA ya kiini cha seli, ambalo mara nyingi unaweza kulitoa kwenye vipande vilevile ulivyosoma, linasema hivyohivyo.

Ya mwisho, na usiikimbilie, ni udanganyifu wa muuzaji. Wengi wao hawakuchuma wenyewe, walinunua gunia kama ulivyonunua wewe kipande.

Dalili: spishi mbili hazitenganiki, au mti wa ukoo unapingana na ua

Kagua kwanza umesoma mimea mingapi ya kila spishi. Mmoja mmoja? Basi hujui kama tofauti 40 ulizoziona ni za spishi au za mlima mmoja na mwingine. Soma angalau mitatu hadi mitano, ya maeneo tofauti. Hakuna asilimia ya kufanana inayotangaza spishi. Anayekuambia "99.9 ni spishi moja" amejitungia sheria.

Pili, kagua tofauti zenyewe. Zikiwa nyingi kwenye misururu ya A au T, au mahali penye kina kidogo, ni makosa ya mashine. Tatu, kama ulilinganisha rbcL na matK tu, nenda kwenye sehemu zinazobadilika haraka: ycf1, na nafasi kati ya ndhF na rpl32, kati ya rpl32 na trnL, au kati ya trnK na rps16. Chora grafu ya tofauti kwa dirisha linalotembea juu ya jenomu nzima uone vilele viko wapi kwa jenasi yako, kwa sababu havikai mahali pamoja kwa mimea yote.

Yote yakiwa sawa na bado hazitenganiki, kuna uwezekano kwamba kloroplasti inasema kweli, ila inajibu swali ambalo hukuliuliza. Kwa mimea mingi yenye maua hurithiwa kwa mama peke yake (misonobari mingi hurithi kwa baba). Mfano uko jikoni kwako. Mdanzi ni chotara: mama yake ni furungu, Citrus maxima, na baba yake ni wa upande wa machenza. Mlimau ni mtoto wa mdanzi kwa mama na wa Citrus medica kwa baba. Mchungwa nao umebeba kloroplasti ya furungu. Kwa hiyo danzi, chungwa na limau, ukizitazama kwa kloroplasti, ni watoto wa bibi mmoja na hutaona tofauti ya maana. Ndimu nayo baba yake ni huyohuyo Citrus medica, lakini mama yake ni Citrus micrantha. Kiini kitakuambia ndimu na limau wamechangia baba, kloroplasti itakuambia hawajuani.

Hilo si mzaha kwa mwenye dawa. Ganda la danzi lina sinefrini, kichangamsho kinachogusa moyo, na mtu akikuletea ganda kavu akiuliza ni danzi au chungwa, jenomu nzima ya kloroplasti yenye kina cha mara elfu bado haitakusaidia. Hapo unahitaji DNA ya kiini: ITS kwa kuanzia, au jeni nyingi kwa pamoja kwa kutumia Angiosperms353, seti ya kunasa jeni 353 za kiini za mimea yenye maua, na kwa ganda kavu kipimo cha kemikali.

Dalili zinazoonyesha uchotara ni hizi: kloroplasti hufuata eneo badala ya spishi, yaani mti wa bonde moja unakaa na jirani yake badala ya nduguze. ITS na kloroplasti zina matawi yenye uhakika mkubwa yanayopingana. Butstrapu (kipimo cha uhakika wa tawi) ya 100 kwenye mti wa kloroplasti haitatui hilo. Herufi 150,000 za kloroplasti hurithiwa kama kifungu kimoja, kwa hiyo ni shahidi mmoja anayeongea kwa sauti kubwa.

Simama: kama ushahidi wa kiini na wa kloroplasti unapingana na una sampuli bila maua wala matunda, usitangaze spishi mpya wala usihamishe jina. Tafuta mtaalamu wa uainishaji wa familia hiyo, mpelekee tawi zima.

Dalili: poda, kidonge au dawa ya chupa haitoi kitu

Poda iliyokaangwa au kuchemshwa ina DNA fupi, mara nyingi chini ya herufi 200. Kuivuta kwa PCR ya herufi 700 ni kupoteza muda. Jaribu kipande kifupi kama kitanzi cha P6 cha jeni ya trnL, ambacho kina herufi 10 hadi 143, au soma vipande vifupi vyote na kuvipachika juu ya jenomu za mimea inayotarajiwa. Uunganishaji ukitoa mchele, ngano au mahindi kwa wingi, huenda ni kijazio. Wingi wa vipande haukuambii gramu, kwa sababu jani hutoa kloroplasti nyingi kuliko mzizi uliokuwa mzito mara tano. Majimaji yaliyochujwa vizuri yanaweza yasiwe na DNA kabisa, na hapo kukosekana kwake hakuthibitishi udanganyifu. Yapeleke kwa wakemia.

Jenomu pia haitakuambia kama poda ina risasi, ukungu wenye sumu, au dawa ya hospitali iliyosagwa ndani yake.

Simama kabisa katika mambo matatu. Mtu ameshakunywa na anatapika, amepungukiwa mkojo au ana macho ya njano: hospitali sasa hivi, na mfuko wa dawa uliobaki uende naye. Usomaji wa DNA huchukua siku, figo hazisubiri. Sampuli ni kidhibiti cha polisi au forodha: usiifungue, kwa sababu bila mnyororo wa makabidhiano ulioandikwa matokeo yako hayatasimama mahakamani hata yakiwa sahihi. Na unataka kutuma majani au DNA nje ya nchi: uliza vibali kwanza. Shubiri zote za jenasi Aloe isipokuwa Aloe vera zimo kwenye orodha za CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini, Prunus africana imo tangu 1995, msandali wa Afrika Mashariki tangu 2013, na Itifaki ya Nagoya, ya kugawana faida za rasilimali za viumbe, inafanya kazi tangu 2014. Kichupa cha mikrolita 50 kinahesabiwa pia.